Frasada Amenyolewa

Mama Oriana ameniuliza tena, mwavuli mkononi:
kwa nini mwanawe, anayeogopa hata kuku,
hulitupa begi topeni akimwona mbwa yule?

Mimi bawabu tu. Kazi yangu lango na kengele.
Lakini mwaka wa kumi na tisa huu nimesimama hapa,
mvua ya Chiloé ikinipiga ubavuni,
mvua isiyoanguka bali inayopita mbio
kama mtu aliyesahau chungu jikoni,
na nimeona mambo.

Jina lake Frasada, yaani blanketi,
ingawa hakuna aliyekaa chini kumpa jina.
Mamaye, wasema, alichunga kondoo;
babaye ni yeyote aliyepita bandarini usiku ule.
Masikio yake hayapatani:
moja limesimama kama askari, jingine limelala kazini.
Mkia wa mbweha, miguu ya ndama,
na manyoya, sijui niseme nini,
godoro la sufi lililopasuka likaamua kutembea.
Wenye mbwa wa ukoo, wenye hati na mihuri,
humwita koko.
Darasa la kwanza hawajajua kusoma hati.

Saa mbili kasoro robo basi linawatapika.
Benicio anazika mikono mpaka viwiko.
Millaray anamnong'oneza jedwali la saba,
na akikwama kwenye saba mara nane
mbwa hamkosoi.
Eluney hupimia kimo chake begani pa mnyama:
mwezi Machi walikuwa sawa,
Juni amempita kwa kidole,
akautangazia uwanja mzima kwamba amekua.

Nadhani ni hivi, Mama Oriana:
kila kikubwa kinachowazunguka kina amri.
Mlango mkubwa, sauti kubwa,
meli kubwa ya samaki inayomchukua baba majuma matatu
na kumrudisha na usingizi tu.
Huyu ndiye mkubwa wa kwanza
asiyewataka wawe kitu.
Ila maneno yangu mwenyewe siyaamini yote.
Huenda ni joto tu.
Huenda vidole vyao vina baridi, na hadithi imeishia hapo.

Halafu Septemba, daktari wa mifugo wa manispaa
akaja na mashine. Upele, akasema.
Tulijaza magunia mawili.
Ndani mlikuwa na mbwa mwembamba, wa rangi ya waridi,
mbavu zahesabika,
na kovu refu ubavuni ambalo hatukulijua kamwe,
sisi tuliomlisha mkate miaka yote.

Asubuhi ile niliogopa.
Nilijiambia: leo watampita.
Basi likafika. Kimya.
Hata yeye aliinamisha kichwa
kama mtu aliyefumaniwa bafuni.

Eluney akasogea, akamtazama kuanzia pua hadi mkia,
akasema, wala si kwa sauti:
"Kumbe ulikuwa humo."

Basi, kwisha. Benicio akavua skafu
aliyofumiwa na bibi yake, akamzungushia mara tatu.
Millaray akaligusa kovu kwa kidole kimoja,
akauliza kama linauma, hakungoja jibu.
"Saba mara nane, hamsini na nne," akamwambia.
Nami sikumkosoa.

Na mwanao, kwa kuwa uliuliza,
alichelewa darasani siku hiyo, kosa langu.
Alikuwa amechutama nyuma ya lango
akiokota manyoya yaliyotoroka guniani,
moja moja, yenye tope,
akiyatia katika kijaluba chake cha penseli.
Ukiyakuta, tafadhali, usiyatupe.
Alisema anamtunzia
mpaka yale mengine yaote.

Samahani, Mama. Kengele.
Nimechelewa kuipiga dakika nne,
na mwalimu mkuu ana saa mpya.